Dred Scott, Jirani Yetu wa Fort Snelling

Kila aliyekuja masomoni Minneapolis na Saint Paul kwa ndege ametua jirani kabisa na nyumba aliyoishi Dred Scott, na nina hakika wengi wetu hatukujua. Mimi nilikaa Richfield miaka miwili bila kujua. Ramani ni rahisi: Richfield upande wa magharibi, uwanja wa ndege katikati, na upande wa pili wa uwanja, juu ya genge, ngome ya mawe ya Fort Snelling. Hata hii ardhi ya Richfield tunayolipia kodi za vyumba ilikuwa zamani ndani ya eneo la jeshi la ngome hiyo. Ukipanda treni uwanjani kuelekea mjini, kituo kinachofuata ukitoka jengo kubwa la abiria kinaitwa Fort Snelling. Nilikipita mara ngapi sijui, nimekumbatia begi na kufikiria mitihani.

Jina la Dred Scott tunalisikia darasani kama jina la kesi. Mwaka 1857, Mahakama Kuu ya Marekani, mtumwa aliyedai uhuru akashindwa, basi, mwalimu anaendelea na Lincoln. Mimi si mtu wa historia. Nasomea uhandisi wa majengo, na siku nilipokwenda kule nilifuata kuta. Nilitaka kuona wanajeshi wa miaka ya 1820 walijengaje kwa mawe mahali penye baridi ya namna hii. Lakini kuna chumba kimoja kule ambacho ukishaambiwa nani aliishi humo, habari ya kuta inageuka kuwa habari ya mtu.

Dred Scott alizaliwa mtumwa katika jimbo la Virginia, wilaya ya Southampton, karibu na mwaka 1799. Tarehe yake hasa haikuandikwa, maana hakuna aliyeona haja ya kuiandika. Bwana wake aliitwa Peter Blow, mkulima ambaye mambo yake hayakumnyookea. Mwaka 1818 Blow alihamia Alabama na familia yake na watumwa wake, akalima pamba, akachoka, na mwaka 1830 akahamia tena St. Louis, Missouri, akafungua nyumba ya kulala wageni. Mwaka 1832 akafa. Katika kipindi hichohicho Dred aliuzwa kwa Dakta John Emerson, aliyekuwa akitafuta kazi ya udaktari jeshini. Mkumbuke jina la Blow, kwa sababu watoto wa mzee huyo, waliokua pamoja na Dred, watarudi mwishoni.

Emerson alipata kazi yake, na mwishoni mwa mwaka 1833 akapelekwa Fort Armstrong, katika jimbo la Illinois. Hapo ndipo penye mzizi wa kesi yote. Illinois lilikuwa jimbo huru. Katiba yake ilikataza utumwa. Dred akakaa huko zaidi ya miaka miwili akimtumikia daktari. Mwaka 1836 ngome ile ikafungwa, na Emerson akahamishiwa kaskazini zaidi, Fort Snelling. Huku nako utumwa ulikuwa marufuku, tena kwa sheria ya Bunge la Marekani lenyewe. Sheria ya mwaka 1820, iliyoitwa Mapatano ya Missouri, ilisema kwamba katika nchi yote iliyonunuliwa kutoka Ufaransa mwaka 1803, ukiondoa jimbo la Missouri, hakuna utumwa kaskazini ya mstari wa nyuzi 36 na nusu. Fort Snelling iko mbali sana juu ya mstari huo.

Sasa mtauliza: kama ilikuwa marufuku, mtumwa alifikaje? Alifika na jeshi la serikali. Maofisa walikuwa wakilipwa posho ya mtumishi, na ofisa aliyekuwa na mtumwa alimwandika mtumwa wake kuwa ndiye mtumishi, kisha posho akaitia mfukoni. Yaani serikali iliyopiga marufuku utumwa kwenye karatasi ilikuwa inaulipia kila mwezi. Dred hakuwa peke yake. Walikuwapo wengine ngomeni, wanaume kwa wanawake.

Turudi kwenye mawe, maana bila hayo hamtaiona nyumba. Ngome ilianza kujengwa mwaka 1820, chini ya Kanali Josiah Snelling, mahali mto Minnesota unapoingia katika Mississippi. Wadakota wanapaita Bdote, na kwao ni mahali patakatifu. Kabla ya ngome palikuwa pao, na sijasikia kwamba waliomba kujengewa. Waashi walikuwa askari wenyewe. Mawe waliyachimba palepale kwenye genge, mawe ya chokaa ya rangi ya manjano hafifu, yanayotoka kwa matabaka kama vitabu vilivyolazwa. Mbao zilitoka misitu ya misonobari juu ya mto, zikapasuliwa kwenye kinu ambacho jeshi lilijenga kwenye maporomoko ya St. Anthony, pale ambapo leo ni katikati ya Minneapolis. Umbo la ngome ni kama almasi, kwa sababu limefuata ncha ya genge: ukuta kuzunguka, mnara wa mviringo upande wa bara, nyumba ya kamanda upande wa mtoni, na safu mbili ndefu za nyumba, moja ya maofisa na moja ya askari, zinatazamana uwanjani.

Kwa aliyekulia pwani kwetu, uashi huu si mgeni. Mji Mkongwe na Lamu ni jiwe na chokaa vilevile, ila jiwe letu ni matumbawe na boriti zetu ni mikoko. Hata Fort Jesus ya Mombasa, ambayo tunaiita ya Wareno, ilianza kujengwa mwaka 1593 wakati Ureno ilikuwa chini ya mfalme wa Uhispania, Philip II. Na huku nako Uhispania ilifika kwa namna yake: baada ya mwaka 1763 ardhi yote ya magharibi ya Mississippi, pamoja na genge hili, ilihesabiwa kuwa ya mfalme wa Uhispania, na St. Louis ilitawaliwa na magavana wake. Wadakota nadhani hawakuarifiwa.

Tofauti ni kazi ya ukuta. Kwetu ukuta mnene wa mawe ni baraka, unazuia jua la mchana. Huku ukuta huohuo ukishapoa mwezi wa kumi na mbili haupati joto tena mpaka masika. Jiwe halizuii joto kupita, linalipokea na kulipeleka nje taratibu. Dawa yake ilikuwa meko kubwa ya kuni, na kila aliyesoma somo la joto anajua kwamba meko ya wazi hupeleka sehemu kubwa ya joto lake angani kupitia dohani, tena inavuta hewa ya baridi kutoka kwenye nyufa za madirisha ili ijaze nafasi. Unakaa uso unaungua, mgongo unaganda.

Chumba ambamo inaaminika akina Scott waliishi kiko chini, kwenye jiko la makao ya daktari. Besimenti, kwa lugha yetu ya kila siku huku. Kuna meko, kuna sakafu, kuna kuta za mawe. Nyumba za maofisa zilipangwa hivyo: bwana juu, jiko na watumishi chini. Waliosoma nyumba za Lamu wataniambia kwamba hilo nalo tunalijua. Ghorofa ya chini ya nyumba za matajiri wetu haikuwa ya wenye nyumba, ilikuwa ya watumwa na mizigo. Sisemi hivyo ili kumpunguzia Mmarekani mzigo wake. Nasema kwa sababu nilipoinama kuingia chumbani, nilikumbuka nyumba niliyoitembelea nikiwa mwanafunzi wa sekondari, ambako tulionyeshwa nakshi za juu tu na hakuna aliyetushusha chini.

Habari moja ya ngomeni inahusu jiko la chuma. Jiko la chuma hutoa joto kuliko meko kwa kuni zilezile, na lilikuwa bidhaa adimu. Emerson alimwomba ofisa wa ghala jiko kwa ajili ya Dred. Ofisa akasema hakuna. Emerson akamwita mwongo, ofisa akampiga ngumi ya pua, daktari akaenda kuleta bastola, na mwisho kamanda akamweka daktari chini ya ulinzi. Watu hucheka wakisimuliwa. Mimi nilichokiona ni kwamba kulikuwa na baridi ya kutosha katika chumba kile hata mmiliki wa mtumwa akaiona.

Ngomeni Dred alipata mke. Harriet Robinson alikuwa binti ambaye hajafika miaka ishirini, mzaliwa wa Virginia, aliyeletwa kaskazini na Meja Lawrence Taliaferro, wakala wa serikali kwa Wadakota na Waojibwe. Dred alikuwa karibu kufika arobaini. Taliaferro alikuwa pia na mamlaka ya kufungisha ndoa, na aliwafungisha yeye mwenyewe, kwa utaratibu wa kisheria. Hilo si jambo dogo. Katika majimbo ya utumwa, ndoa ya watumwa haikuwa na uzito mahakamani; mke angeweza kuuzwa asubuhi na mume jioni. Hawa walioana mbele ya ofisa wa serikali, katika nchi isiyoruhusu utumwa. Kama karatasi zingekuwa na maana iliyoandikwa juu yake, siku ile wangetoka pale wakiwa watu huru.

Mwishoni mwa 1837 Emerson akahamishwa kusini, akawaacha wakikodishwa kwa watu wa ngomeni na ujira ukaenda kwake. Akiwa Louisiana alimwoa Irene Sanford, Februari 1838, kisha akawaita Dred na Harriet waje. Wakaenda. Mwaka huohuo wote wakarudi kaskazini kwa meli ya mvuke iliyoitwa Gipsey, na humo melini, mtoni, wakiwa wameshavuka mpaka wa kaskazini wa Missouri, Harriet akajifungua binti, Eliza. Mtoto aliyezaliwa kwenye maji ambayo hayakuwa ya jimbo lolote la utumwa. Wakakaa Fort Snelling mpaka mwaka 1840, daktari alipopelekwa kwenye vita vya Florida na wao wakarudishwa St. Louis pamoja na Bi. Irene.

Swali ambalo kila mtu huuliza, na mimi nililiuliza: kwa nini hawakudai uhuru wao walipokuwa huku? Wengine hujibu kwamba hawakujua sheria. Labda. Lakini mimi nawatazama wale watu katika chumba kile, majira ya baridi, mto umeganda, meli hakuna, hakimu wa karibu ndiye yuleyule Taliaferro aliyekuwa na watumwa wake. Ungeenda kumshtaki nani kwa nani? Kudai haki kunataka mahali pa kusimama. Na cha kuumiza ni kwamba kule St. Louis mahali hapo palikuwapo. Mwaka 1836, mwaka uleule Dred alioletwa Fort Snelling, mahakama ya juu ya Missouri ilimpa uhuru mwanamke aitwaye Rachel, kwa sababu bwana wake, ofisa wa jeshi, alikuwa amemweka Fort Snelling. Ngome ileile! Sheria ya Missouri wakati huo ilikuwa wazi: ukikaa nchi huru kwa ridhaa ya bwana wako, umekuwa huru, na hata ukirudi Missouri hubadiliki. Kama Dred angefungua kesi mwaka 1840, naamini angeshinda, na leo hakuna ambaye angelijua jina lake.

Dakta Emerson alikufa mwaka 1843. Dred akajaribu kununua uhuru wake kwa mjane, mjane akakataa. Tarehe 6 Aprili 1846 Dred na Harriet, kila mmoja kwa jina lake, wakafungua madai katika mahakama ya St. Louis. Kufikia hapo walikuwa na mabinti wawili, Eliza na Lizzie, na mtoto alifuata hali ya mama. Harriet akiwa huru, watoto nao wangekuwa na hoja. Ndiyo maana sipendi kesi hii kuitwa ya Dred peke yake. Mwaka 1850 mawakili walikubaliana kwamba iendelee kesi moja tu, ya mume, na matokeo yake yamhusu na mke. Kwa urahisi wa karatasi, jina la Harriet likatoka.

Jaribio la kwanza, mwaka 1847, walishindwa kwa sababu ambayo mwanafunzi yeyote wa kigeni ataielewa haraka: ushahidi haukukamilika. Walihitaji mtu wa kuthibitisha kwamba Bi. Emerson anawashikilia kama watumwa. Shahidi Samuel Russell alisema aliwakodi kwake, lakini alipobanwa akakiri kwamba mazungumzo yote aliyafanya mke wake, yeye alilipa tu. Basi mahakama ikaona haijathibitishwa kwamba mama huyu ndiye mmiliki, na kwa sababu hiyo wakabaki watumwa wa mama huyuhuyu. Msinicheke, ndivyo ilivyokuwa. Waliruhusiwa kurudia, na Januari 1850 baraza la wazee wa mahakama likawapa uhuru.

Ungedhani yameisha. Mjane akakata rufaa, na Machi 1852 mahakama ya juu ya Missouri ikafuta ushindi ule na pamoja nao msimamo wake wa miaka mingi. Majaji hawakusema kwamba Rachel alikuwa na kesi tofauti. Walisema nyakati zimebadilika, kwamba majimbo ya kaskazini yanawachokoza, na Missouri haina wajibu wa kuheshimu sheria zao tena. Mawe ya Fort Snelling yalikuwa yaleyale, miaka aliyokaa Dred ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni hasira ya majaji.

Kesi ikaingia mahakama za shirikisho mwaka 1853, safari hii dhidi ya kaka wa mjane, John Sanford wa New York, ambaye karani alikosea jina lake akaongeza herufi, na kosa limebaki kwenye vitabu vya sheria mpaka leo. Mahakama Kuu ikasikiliza mara mbili mwaka 1856. Tarehe 6 Machi 1857 Jaji Mkuu Roger Taney akasoma uamuzi. Majaji saba upande mmoja, wawili, McLean na Curtis, wakapinga. Kwa ufupi Taney aliamua kwamba mtu mweusi wa asili ya watumwa, awe mtumwa au huru, si raia wa Marekani na hawezi kuwa, kwa hiyo hana mlango katika mahakama za shirikisho. Kisha akaendelea mbele: Bunge halikuwa na uwezo wa kukataza utumwa katika maeneo kama haya ya kwetu, na Mapatano ya Missouri yalikuwa batili tangu mwanzo. Kwa maneno mengine, kile chumba cha chini hakijawahi kuwa kwenye ardhi huru.

Kumbe wakati huo mjane alikuwa ameolewa tena, na mume wake mpya, Calvin Chaffee, alikuwa mbunge wa Massachusetts anayepinga utumwa! Magazeti yalipogundua, fedheha ilikuwa kubwa. Familia ile ikahamisha umiliki kwa Taylor Blow wa St. Louis, mtoto wa yule Peter Blow, maana ni mkazi wa Missouri tu aliyeweza kuwaachia kisheria. Akina Blow ndio waliokuwa wakisaidia gharama za kesi miaka yote. Tarehe 26 Mei 1857 Taylor Blow akawaandikia hati ya uhuru. Lakini ujira wa akina Scott, uliokuwa ukishikiliwa na mahakama tangu miaka ya kesi, Bi. Chaffee aliudai na kuuchukua. Hilo hunikera kuliko hukumu yenyewe.

Dred akafanya kazi ya kupokea wageni na mizigo katika hoteli ya Barnum, St. Louis. Watu walikuja kumtazama. Harriet alifua nguo, na yeye Dred akipeleka kwa wateja. Mei 1858 Minnesota ikawa jimbo, jimbo lisilo na utumwa. Tarehe 17 Septemba mwaka huohuo Dred Scott akafa kwa kifua kikuu, baada ya mwaka mmoja na miezi michache ya uhuru. Mwaka 1867 Taylor Blow alihamishia mwili wake makaburi ya Calvary, na wageni wanaozuru huweka juu ya jiwe lake sarafu za senti moja zenye sura ya Lincoln.

Nyumba nayo ina maisha yake. Majira ya baridi ya 1862 na 1863 Wadakota zaidi ya 1,600, wengi wao wanawake, watoto na wazee, walizuiliwa kambini chini ya genge la ngome hiyohiyo, na mamia walikufa. Mwanzoni mwa karne ya 20 jeshi likaona majengo yale yamepitwa na wakati, likayavika baadhi yao mavazi ya Kihispania: plasta juu ya mawe, matao, mapaa ya vigae, kama nyumba za mapadri wa California. Hebu fikiria, vigae vya Kihispania Minnesota, kwenye theluji. Mwaka 1956 wapimaji wa barabara kuu walitaka kupita katikati ya ngome. Watu wakapiga kelele, na barabara ikapitishwa chini kwa handaki. Kuanzia miaka ya 1960 Jumuiya ya Historia ya Minnesota ikavua yale mavazi na kujenga upya kilichoanguka, kwa kufuata misingi iliyofukuliwa. Kwa hiyo ukienda leo ujue: nyumba ya kamanda, nyumba za maofisa na minara miwili ni kazi ya wale askari wa kwanza, sehemu kubwa iliyobaki ni jengo jipya lenye sura ya zamani. Gusa mawe ya pande zote mbili uone tofauti ya chokaa.

Harriet aliishi miaka mingine kumi na minane baada ya mumewe. Aliona vita, aliona utumwa unafutwa mwaka 1865, na mwaka 1868 akaona katiba inarekebishwa kusema kwamba kila aliyezaliwa Marekani na kuwa chini ya sheria zake ni raia, marekebisho yaliyoifuta hukumu ya Taney. Alikufa St. Louis tarehe 17 Juni 1876. Kaburi lake haliko Calvary na mumewe. Liko Greenwood, na kwa miaka mingi halikuwa na jiwe.